Inategemea

Nilisoma sayansi za jamii hapa Bunia wakati wa vita, na mtu akiniuliza leo nilijifunza nini, huwa namjibu vibaya. Namwambia nilijifunza jinsi watu waliosoma wanavyoua. Wengi hukasirika. Wangependa niseme nilijifunza uvumilivu, au msamaha, au yale maneno mengine yanayoandikwa kwenye mabango ya semina. Semina nimehudhuria nyingi tangu hapo, na soda zao nimekunywa. Msamaha bado sina.

Masomo yetu yalikuwa mchanganyiko. Leo sosiolojia, kesho uchumi, keshokutwa sheria, halafu demografia, halafu anthropolojia, kutegemea mwalimu yupi amebaki mjini na yupi amekimbilia ng'ambo ya ziwa. Daktari hujua atatibu, mwanasheria hujua atatetea. Sisi hatukujua tutafanya nini. Jirani yetu, mama mmoja muuza makala, alikuwa akinicheka kila nikipita na begi langu: "Sciences sociales njo kusema Kifaransa juu ya mambo yenye kila mutu anajua." Nilikuwa nanuna, nakaza mwendo.

Makabila sitayataja. Wakati ule yalitajwa hadi yakachosha, na kila aliyeyataja alikuwa na sababu yake. Itoshe kusema kulikuwa na upande mmoja na upande wa pili, na mji wetu ulitekwa na hawa, wakaukimbia, ukatekwa na wale, na kila mara waliosalia walijifunza upya njia ya kwenda sokoni. Chuo kilifungwa na kufunguliwa hivyo hivyo. Milio ya risasi ikinyamaza, katibu wa masomo anapiga kengele, nasi tunarudi kwenye mabenchi kuona nani hayupo.

Rafiki yangu wa chuo alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mbishi kupita kiasi. Watu walidhani ni mchumba wangu. Hakuwa. Nisingeweza kuolewa na mtu ambaye ukimuuliza kama chakula kina chumvi anakuuliza kwanza unalinganisha na chakula gani. Baba yake alikuwa wa upande mmoja na mama yake wa upande wa pili. Walikutana sokoni Bule, mama akipandisha samaki kutoka Kasenyi ziwani, baba akiuza viazi. Baba alikufa mapema kwa ugonjwa wa kawaida, enzi ambazo watu bado walikufa kwa ugonjwa. Mama alibaki na samaki wake na mtoto huyu mmoja. Kila begi la samaki aliloliuza lilikuwa la shule.

Rafiki yangu alikuwa na haja moja tu duniani, na alinichosha nayo. Alitaka kutetea TFC yake, ile kazi ndogo ya kumaliza miaka mitatu ya kwanza, kisha jina lake lisomwe mbele ya watu, mama yake akiwa amekaa pale na kusikia. Siku ya proclamation, ndivyo tunavyoiita, katibu husoma majina kwa sauti na wazazi hujaa ukumbini. Mama yake hakujua Kifaransa hata kidogo. "Haina maneno," alikuwa akiniambia. "Jina yangu ataijua tu."

Neno tulilotoka nalo katika masomo yale, kama kuna hata moja tulilotoka nalo, lilikuwa ça dépend, yaani inategemea. Mwalimu wa uchumi, ukimuuliza kama bei ya unga itapanda, anasema ça dépend. Wa sheria hivyo hivyo. Wa anthropolojia, mzee mmoja mpole mwenye kikohozi, alikuwa akilisema huku amefumba macho, kama anayeomba. Mtihani wa mdomo ulikuwa na siri moja: ukijibu haraka umekwisha, ukianza na ça dépend na kueleza inategemea nini, umepita. Tukalichukua hadi nyumbani kwa Kiswahili. Mama ananiuliza nitakula, namjibu inategemea. Alinitupia mwiko siku moja. Rafiki yangu alilishika neno hilo kuliko sisi sote. Kwake halikuwa ujanja wa mtihani. Aliliamini kabisa, na mtu aliyezaliwa na wazazi kama wake sioni angeamini nini kingine.

Mtu wa tatu katika kikundi chetu alikuwa kiongozi wa darasa, tuliyemwita CP. Alikuwa msafi, mwenye sauti ya chini, asiyechelewa. Katika somo la mbinu za utafiti hakuna aliyemfikia. Mwaka wa kwanza assistant, msaidizi wa mwalimu, alitupa kazi ya vitendo, TP kama tulivyoiita, juu ya desturi za mazishi, akatufundisha jambo ambalo alilisema kwa fahari: mtu usimuulize kabila lake, atadanganya au ataogopa, muulize swali la kando. Muulize jinsi kwao wanavyozika. Jibu lake litakuambia kila kitu, na yeye mwenyewe hatajua kwamba amesema. Tukaenda kwenye matanga mitaani, sisi watatu, tukikaa kwenye vigogo na waombolezaji na kula maharagwe yao. CP ndiye aliyelipata swali lililotupa alama za juu kuliko kikundi chochote: kwenu, mtu akifa, nani anatangulia kutupa udongo kaburini? Kwa upande mmoja ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Kwa upande wa pili ni mjomba. Watu walijibu bila kufikiri, hata walevi, hata watoto. Assistant alilisoma swali hilo mbele ya darasa zima na kusema, "Hivi ndivyo sayansi inavyofanya kazi." Tulipigiwa makofi.

Mwaka wa tatu CP aliacha kuonekana darasani. Tukasikia yuko na wale waliokuwa wameshika mji wakati huo, amepewa ofisi na vijana wawili wa kumlinda. Hatukushangaa sana. Wengine walikwenda kwa njaa, wengine kwa kisasi, wengine kwa sababu bunduki ilikuwa kazi pekee iliyokuwa ikiajiri. Yeye alikwenda kama mtu aliyepata nafasi nzuri. Jina lake liliendelea kuwa la kwanza kwenye orodha ya darasa.

Basi ikafika siku ambayo rafiki yangu aliambiwa jury lake limepatikana. Haikuwa jambo dogo. Walimu watatu wazima mjini, kwa wakati mmoja, wasio na malaria na wasio mafichoni! Alinipitia nyumbani asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi hadi likang'aa, kazi yake mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Mama yangu akamrekebishia kola. Tukatoka pamoja kwenda chuoni, jua likiwa bado dogo na barabara ina matope.

Karibu na daraja kulikuwa na barrière mpya. Kamba imefungwa kutoka mti hadi mti, vijana wanne, mmoja amevaa wigi la kike, na watu wamepanga mstari. Zamani pale tulikuwa tunaonyesha kadi za chuo na kupita. Siku ile kijana wa mbele hakutazama kadi. Alikuwa anamuuliza kila mtu swali, kwa sauti ya kukariri, kama mtoto aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau. Tulipokaribia nikalisikia.

"Kwenu, mutu akikufa, nani anatangulia kutupa udongo?"

Nililijua swali lile neno kwa neno, hadi pale pa kuvuta pumzi.

Zamu yangu ilipofika nilijibu mara moja. Jibu langu lilikuwa lile walilokuwa wanalitaka, na lilikuwa la kweli, ndivyo kwetu wanavyozika. Kijana akainua kamba. Sijilaumu kwa hilo. Anayetafuta mtu wa kulaumu katika habari hii hatakosa, mstari ni mrefu.

Nikageuka kumngoja rafiki yangu, na nilipomwona usoni nikajua tumekwisha. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amelitambua swali.

"Ah, hii ni question yetu!" akamwambia yule kijana, kwa furaha kabisa. "Hii tuliifanya kwa TP."

"Jibu," kijana akasema.

"Inategemea," rafiki yangu akasema.

Nilimwita jina lake. Nilimwita kwa nguvu, watu wa mstari wakanitazama. Akaniinulia mkono kidogo, kama anavyofanya darasani ukimkatiza, akaendelea kueleza. Kwa baba yake anayetupa udongo ni mtoto wa kwanza, na yeye mwenyewe aliutupa alipokuwa mdogo. Kwa mama yake ni mjomba. Sasa ukiuliza kwetu, inabidi kwanza useme kwetu wapi. Na hata hivyo kuna familia siku hizi zinazotanguliza padri.

Yule kijana alichanganyikiwa. Alikuwa amefundishwa majibu mawili, na hili la tatu halikuwemo. Akamtazama mwenzake wa wigi. Nadhani, na nimelifikiria hili miaka yote, kwamba kama rafiki yangu angenyamaza hapo wangemwachilia kwa uchovu tu. Nyuma yake mstari ulikuwa unanung'unika.

"Sasa weye ni wa wapi?" yule wa wigi akauliza.

"Wa wote wawili."

"Haiwezekane."

"Inawezekana, petit. Njo nakufasiria."

Alimwita petit, kama mtu anavyomwita mdogo wake. Wakamshika kola. Kazi yake ikaanguka kwenye matope pamoja na mfuko wake, naye akainama kuiokota kabla ya kujitetea, ndipo wakampiga. Mimi nilitaka kumrudia, nikasukumwa kwa kitako cha bunduki hadi ng'ambo ya kamba. Alipokuwa anaburutwa kuelekea nyuma ya nyumba za matofali alinipigia kelele, na kelele yenyewe ilikuwa niwaambie jury wamngoje.

Nilikwenda mbio kwa CP.

Ofisi yake ilikuwa katika nyumba ya mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa amekimbia. Walinzi walinijua, nikaingizwa. Alikuwa amekaa nyuma ya meza kubwa, shati la kijeshi juu, chini viatu vile vile vya chuo vilivyopakwa rangi. Akasimama kunisalimia. Akanivutia kiti.

"Collègue, karibu. Mama haugui?"

Nikamweleza nikiwa nahema. Alisikiliza vizuri, ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akiwasikiliza waombolezaji kwenye matanga. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Alijibu nini?"

"Alisema inategemea."

CP akacheka. Hakucheka kwa kejeli, hapana. Alicheka kama mtu aliyekumbushwa nyumbani. Hadi akapangusa jicho.

"Prof angemupatia points zote," akasema. "Zote! Na iko kweli, kwake inategemea. Lakini barrière haina assistant wa kusahihisha."

Nikamwambia swali ni lake. Nikamwambia ni swali letu.

"Ni yangu. Mi njo niliwafundisha." Akalisema bila haya. "Weye haujui vile walikuwa wanafanya mbele ya mi kuwafundisha. Walikuwa wanaangalia pua. Pua, collègue! Ao urefu. Waliua hata watu yetu sababu ya pua. Nikawaambia haiko vile, kuna méthode. Sasa makosa imepunguka sana. Weye mwenyewe si umepita?"

Niliangalia mikono yake juu ya meza. Ilikuwa safi, kucha zimekatwa. Nilimchukia kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia mtu, na sikuweza kuonyesha, kwa sababu maisha ya rafiki yangu yalikuwa kwenye mikono hiyo. Nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga magoti mbele ya kijana niliyekuwa nikimwazima kalamu. Nikamwambia, "Yaya, naomba," kama anavyoitwa kaka mkubwa, nami namzidi kwa umri.

Akanishika bega, akaniinua. "Nitaangalia ile affaire. Kuya kesho."

Nilirudi kesho yake. Akanipokea mlangoni, bila kiti safari hii.

"Ilishapita," akasema.

Kwa Kiswahili chetu neno hilo hutosha. Hata hivyo sikutaka kuamini, nikazunguka mji kutafuta mtu wa kuniambia zaidi, nikampata fundi seremala mmoja aliyekuwa amefungiwa naye chumba kimoja. Walikuwa wamemwachilia kwa sababu walihitaji vitanda. Akaniambia rafiki yangu alitolewa jioni ile ile ya kwanza pamoja na wengine, wakapelekwa nyuma, kuelekea mtoni, na hakuna aliyerudi. Nikamuuliza kama alisema kitu. Fundi akasema rafiki yangu alikuwa anabishana nao mpaka mlangoni, anawaambia swali lao ni zuri lakini wanalitumia vibaya.

Maiti haikuonekana. Mto uliondoka na wengi msimu ule.

Barabara ya Kasenyi ilifungwa muda mrefu, na habari ilimfikia mama yake kupitia wachuuzi wa samaki, vipande vipande, kila mmoja na kipande chake. Ilipofunguliwa alipanda juu ya lori akaja moja kwa moja kwetu. Mwanamke mfupi, mikono imekatwakatwa na miiba ya samaki. Mama yangu alimpikia, hakugusa. Alinikalisha mbele yake kama anayenifanyia mtihani, nami nikamwambia yote, tangu kola ya shati hadi maneno ya fundi seremala. Sikumficha kitu.

"Weye uliona maiti yake na macho?"

"Hapana, Mama."

"Yule fundi, aliona?"

"Hapana. Aliona wakimutosha inje."

"Basi," akasema, akajifunga kitenge upya. Akaniuliza proclamation ni lini.

Nilifikiri amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa na hesabu yake, naye alinieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye nisiyesoma. Chuo ni watu wakubwa, wana maandishi, wanajua mambo. Mtu aliyekufa hawawezi kumwita mbele ya wazazi. Kama jina la mwanawe halitasomwa, atalia, ataweka matanga, atanyoa nywele. Kama litasomwa, basi yuko hai mahali fulani, na atarudi Kasenyi kumngoja.

Nilikwenda kwa katibu wa masomo siku iliyofuata. Alikuwa mzee wa tai, aliyekaa na chuo kile kila mji ulipotekwa, na kwa hilo nampa haki yake. Nikamwomba jina la rafiki yangu lisisomwe.

"Minerval alilipa?" akauliza. Minerval ndiyo ada ya chuo.

"Alilipa yote, Papa."

"Mwanafunzi wa kulipa minerval anasomwa. Ni règlement."

"Basi someni kwamba amekufa."

"Décédé inaomba attestation de décès, karatasi ya kifo. Chef de quartier asaini. Yeye iko wapi?"

Chef de quartier, mkuu wa mtaa, alikuwa amekimbilia Nia-Nia tangu mwanzo. Sote wawili tulijua hilo.

"Hakuya mbele ya jury," katibu akaendelea. "Hakuleta excuse. Ile tunaita abandon, kuacha masomo."

"Papa, unajua kwamba amekufa."

"Kama mutu, najua," akaniambia, wala hakuinua sauti. "Kama secrétaire, sijui."

Nikarudi nyumbani nikamweleza mama yake. Nilisema: Mama, watasoma jina, lakini si kwa sababu yu hai, ni kwa sababu ya karatasi isiyopatikana. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Wanasomaka majina ya watu ya kufa?" akaniuliza.

"Hapana, lakini..."

"Basi, mutoto yangu."

Siku ya proclamation alivaa kitenge kipya alichokiazima kwa mama yangu. Nilitafuta njia ya kumzuia nyumbani, hata nikasingizia kwamba njia ina askari. Alikwishatangulia mlangoni. Tulikaa benchi la kati. Ukumbi ulijaa, wazazi wamebeba makopo ya poudre, ile ya watoto wachanga, kwa maana kwetu aliyefaulu hupakwa na kumwagiwa poudre hadi awe mweupe kama aliyeangukia unga. Madirisha hayakuwa na vioo. Mbele kabisa, kwenye viti vya wageni, alikaa CP na walinzi wake wawili. Hakuwa amefanya mtihani hata mmoja mwaka ule.

Katibu akaanza na distinction, waliofaulu sana. Jina la kwanza lilikuwa la CP. Watu wakapiga makofi, na wale walimu watatu wa jury, pamoja na mzee wetu wa anthropolojia mwenye kikohozi, walipiga pia. Kisha wakafuata wa satisfaction, waliofaulu kiasi, nami nilikuwamo. Mama yangu akanimwagia poudre kichwani, kwa mkono mzito. Nilikuwa nimeisubiri siku hii miaka mitatu, na nilihisi kama naoshwa kwa uchafu.

Baada ya hapo makofi huisha. Wanakuja walioshindwa, walioambiwa warudi kipindi cha pili, wanasomwa haraka na kila familia inatazama chini. Mama wa rafiki yangu alikuwa ameshika mkono wangu tangu mwanzo. Kila jina lilipoanza, alikaza, lilipoisha, alilegeza. Mwisho kabisa katibu akakohoa na kusema abandons. Wakasomwa waliokimbia, walioolewa, waliokwenda machimboni.

Kisha jina lake. Katibu alilisoma lote, jina la baba na jina la babu, vizuri, bila kukosea.

Mama yake akasimama akapiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, cha mtu wa ziwani, aliyezoea kuita mtumbwi ulio mbali. Ukumbi mzima ukageuka. Halafu ukacheka. Mama mmoja anashangilia abandon! Baadaye wengine waliniambia hawakujua ni mama wa nani. Walijua. Tulikuwa chuo kidogo, na jina lilikuwa limetoka kusomwa. Walicheka kwa sababu tangu asubuhi hawakuwa wamepata mtu dhaifu kuliko wao. CP hakucheka. Aligeuka akamtazama, akainamisha kichwa kumsalimu, kwa heshima, kama kijana aliyelelewa vizuri.

Mama yule alipoishiwa pumzi alikaa, uso umejaa machozi, akaniuliza, "Amesema nini? Amepita?"

"Amesema ameacha masomo, Mama."

"Ameacha?"

"Ndiyo. Lakini siyo kweli. Amekufa, Mama. Mimi njo nakuambia."

Akanipangusa poudre kwenye shavu kwa kidole gumba. Alinihurumia, nilimwona.

"Weye haukuona," akasema. "Hawa ni watu ya kusoma. Ameacha! Mutoto mubaya, anaacha masomo bila kuniambia mi mama yake. Akirudi nitamupiga."

Akainuka. Wazazi walikuwa wanapita mbele mmoja mmoja kumshukuru katibu, naye akaingia kwenye mstari wao, amenyoosha kitenge, anawaambia wa mbele na wa nyuma kwamba wa kwake pia amesomwa. Nilimfuata. Ilipofika zamu yake akapiga goti kidogo, akatoa mikono yote miwili. Katibu alimtazama, akanitazama mimi nyuma yake, na najua kwamba alijua. Akaipokea mikono ile.

"Félicitations, Mama," akampa hongera, akamgeukia anayefuata.